Binti wa Kinyozi kwa Mujibu wa Cheti

Sogeeni, wanangu, sogeeni mnisikie vizuri, kwa sababu sauti niliyobaki nayo ni hii hii na sina ya akiba. Daktari jana alinipima, kisha akaanza kuyasifia mashuka yangu kwamba ni meupe na yamepigwa pasi; na mimi sikuzaliwa juzi, daktari akishaacha habari za mapafu akaingia habari za mashuka, mgonjwa inambidi aite watoto. Basi nimewaita. Nitasema yangu yote kwa mpangilio wangu mwenyewe, na sitaki kukatizwa isipokuwa kwa mambo mawili tu, maji ya kunywa, na afisa wa usajili akibisha hodi.

Wewe mwalimu, kitindamimba wangu, kaa hapo mezani uandike ninavyosema, na usinisahihishe, mimi si mwanafunzi wako. Wewe fundi umeme, zima hiyo feni, inanguruma kunishinda. Na wewe binti yangu, mzaliwa wangu wa kwanza, uliyelishika tanuri langu tangu mgongo wangu uliponigomea, kaa hapa miguuni pangu, mahali ambapo ukianza kulia nitakuona na nitakugombeza. Mdogo wangu kinyozi, wewe endelea na kazi. Ndiyo, mwalimu, andika na hilo: marehemu mtarajiwa alitoa wosia wake huku ananyolewa ndevu na mdogo wake, kwa kuwa afisa wa serikali alikuwa njiani na marehemu hakutaka akutwe anafanana na kichaka. Ila kinyozi, nikitaka kufungua mdomo sana nitainua kidole, nawe uondoe wembe kwanza, tusije tukamaliza wosia kabla ya wakati wake.

Huyo afisa anakuja kwa ajili ya dada yenu. Sheria siku hizi imelegezwa kidogo: inasema mtoto aliyeandikwa kwa baba asiye wake anaweza kuandikwa upya kwa baba yake wa kweli bila kuzungushwa mahakamani, ilimradi wale baba wawili, wa kwenye cheti na wa damu, wakiri mbele ya afisa kwa midomo yao, wote wawili wakiwa hai, na mtoto mwenyewe, kama ameshakuwa mtu mzima, aridhie. Wakiwa hai, wanangu. Hapo kwenye kuwa hai ndipo ninapohangaika mimi. Nikikata roho kabla afisa hajafika, dada yenu huyu niliyemzaa mwenyewe, mwenye pua yangu na hasira zangu, atabaki kwenye vitabu vya serikali kuwa binti wa kinyozi, na mimi nitashushwa kaburini nikiwa baba yake mkubwa. Sikubali. Nimekubali kufa, hilo halina ubishi, lakini kufa nikiwa baba mkubwa wa mwanangu mwenyewe sikubali.

Ninyi wa kiume habari hii mmeisikia vipande vipande, kila mmoja akitia chumvi yake, na baba yenu mdogo ndiye mwenye gunia zima la chumvi. Leo isikieni kwangu.

Dada yenu alipozaliwa, mimi na marehemu mama yenu tulikuwa tumeshaoana mbele ya wazee, watu wamekula, wameshiba, wamekwenda zao, lakini cheti cha ndoa hatukuwa nacho. Tulisema tutakifuata, na mnajua habari ya kusema tutakifuata. Sasa sheria ya wakati ule ilikuwa hivi: mama asiye na cheti cha ndoa akienda kuandikisha mtoto, jina la baba haliandikwi kwa kumtaja tu. Lazima baba aje mwenyewe, na kitambulisho chake, aseme huyu ni wangu, aweke sahihi mbele ya karani. Asipokuja, pale penye jina la baba wanachora mstari. Mama yenu aliapa kwamba mwanawe hataandikiwa mstari, labda wamchore yeye kwanza. Na muda wa kuandikisha ulikuwa unakwisha siku hiyo hiyo. Ukipita, ni barua, ni faini, ni njoo kesho, na kesho yenyewe haifiki.

Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye tanuri la watu, nimeajiriwa, mwenzangu anaumwa, mabeseni yote unga umeumuka, mikate ya hospitali nzima inanisubiri. Ningeuacha ule unga ungemwagika sakafuni, na mimi ningemwagika kazini. Ndipo akaja huyu bwana, kijana, nywele zimechanwa, anapiga mluzi. Akaniambia, "Kaka, sisi tunafanana. Nipe kitambulisho chako, niende na shemeji, nitakuwa wewe kwa nusu saa." Na kweli picha ya kitambulisho changu ilikuwa nyeusi kiasi kwamba ungeweza kusema ni mimi, ni yeye, au ni mlango wa stoo. Nikampa. Njia nzima mama yenu alikuwa anamkaririsha tarehe yangu ya kuzaliwa kama mtoto anayefundishwa kuhesabu.

Wakafika. Ofisi ndogo, benchi la mbao limejaa kina mama na vichanga, meza moja, mihuri imepangwa, na nyuma ya meza karani ameinamia daftari. Zamu yao ikafika, kinyozi akasogea, kitambulisho changu kiko mkononi, ameshajikohoza tayari kuwa mimi. Karani akainua kichwa. Na kichwa kile, wanangu, kilikuwa kimenyolewa wiki ile ile na nani? Cheka, kinyozi, lakini ondoa wembe ucheke pembeni. Karani alikuwa mteja wake! Karani akaruka kutoka kwenye kiti, "Kinyozi! Mtu wa siri wewe! Juzi umeninyoa umenisimulia habari za mpira mpaka nikasinzia, kumbe nyumbani una mtoto?" Akamkumbatia, akawaita makarani wenzake waje wamwone kinyozi na mwanawe, mmoja akatoka na soda. Mama yenu alikuwa anamfinya mgongoni, sema, sema, lakini aseme nini? Aseme, hapana mheshimiwa, mimi nimekuja na kitambulisho cha mtu mwingine ili niidanganye serikali? Pale ukutani palikuwa na bango lenye miaka ya kifungo cha kosa hilo hilo, limeandikwa kwa herufi nyekundu. Basi kinyozi akakirudisha kitambulisho changu mfukoni taratibu, akatoa chake, akasema, "Ndiyo, nimejaliwa." Akatia sahihi, ile sahihi yake yenye mikia. Soda akainywa.

Waliporudi mimi natoa mikate. Nikauliza, "Mmeandikisha?" Akasema, "Tumeandikisha." Nikauliza, "Jina la baba?" Akasema, "Kuhusu hilo, kaka, kaa kwanza." Mama yenu alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la unga, akainuka mweupe nusu, mtoto akaamka, na mimi nikaunguza mikate ya wodi mbili.

Mtauliza kwa nini hatukurekebisha kesho yake. Wanangu, kurekebisha kulitaka hati ya kiapo, uapie kosa lilitokeaje, na kosa lenyewe lilivyotokea ndilo lililokuwa na kifungo. Yaani ili nithibitishe kwamba mimi ndiye baba, ilibidi kwanza nimfunge mdogo wangu, kisha nimfuate mimi niliyempa kitambulisho, na mtoto apate baba wawili wote wako gerezani. Tukasema tusubiri. Ila tulifanya jambo moja la akili, tukaenda kuchukua cheti cha ndoa, ili watakaofuata waandikwe sawasawa. Ndiyo maana ninyi wawili mko safi.

Lakini karani wa ndoa alikuwa nani? Mji wenyewe ulikuwa mdogo, ofisi ni ile ile, meza ni ile ile. Akamwona mama yenu anaingia na mtoto mgongoni, akatabasamu. Akaniona mimi niko kando yake, nimevaa koti la bwana harusi. Akaacha kutabasamu. Kisha akamwona kinyozi anaingia nyuma yetu, na kinyozi ndiye shahidi! Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kinyozi," akamuuliza kwa sauti ya msibani, "wewe umeridhia jambo hili?" Na huyu mshenzi, badala ya kunyamaza, akajibu, "Nimeridhia, mzee. Ni kaka yangu. Nitafanyaje?" Karani akamshika bega, akamvuta pembeni, akamwambia ajikaze. Tangu siku hiyo karani yule hakununua mkate wangu tena. Tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Kwa jicho lake mimi ndiye niliyempora mdogo wangu mke na mtoto, na yeye alilazimishwa kugonga muhuri. Yuko hai bado, amestaafu, anatembelea mkongojo, na mkongojo wenyewe akiniona anaunyanyua avuke haraka.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Sasa huyu kinyozi, wanangu, alikuwa na hiari ya kuwa na haya. Hakuwa nayo. Alikichukua cheti akakipeleka kwa fundi wa fremu, kikawekewa kioo, akakitundika dukani kwake baina ya kile kioo kikubwa na orodha ya bei. Wateja wanakaa kwenye kiti, wanasoma, wanampa hongera. Nikamwambia akiondoe, akanijibu kwamba hati ya serikali haiondolewi ovyo. Dada yenu alipoanza shule, mwalimu mkuu akitaka mzazi, kwenye rejista mzazi ni kinyozi. Akifaulu mtihani, huyu hapa amefunga duka, amevaa shati jeupe, anakwenda kupokea ripoti, anazunguka nayo mtaani, "Binti yangu ameongoza darasa." Akivunja kioo cha dirisha, anapita kwangu kwa upole, "Kaka, binti yako amevunja kioo." Dada yenu alipotakiwa kusafiri kwenda kujifunza mambo ya mikate ya kisasa, kibali cha mzazi kilitakiwa, nikaenda kumwomba. Mimi, nimwombe yeye ruhusa ya mwanangu! Akaniambia nikae kwenye foleni, kuna wateja wawili mbele yangu. Nikakaa. Nilipofika kwenye kiti akanifunga kile kitambaa shingoni, akasema hasaini kabla hajaninyoa.

Nikamsusa. Hamkuwa mnaelewa kwa nini wakati ule nilikuwa natembea na kofia ndani ya nyumba. Ni kwamba nilihamia kwa kinyozi mwingine, naye akanitoa kichwa kama kimeliwa na panya. Hata hivyo nilikaza. Nilikaza mpaka mama yenu akasema hatanipakulia tena mbele ya wageni. Nikarudi kwa huyu huyu. Alinikalisha, akanirekebisha kichwa chote polepole, akakataa hela.

Jambo jingine mlijue, na hili sikuwahi kulisema kwa kuwa lilinichoma. Mwaka jana baba yenu mdogo alipoanguka dukani akalazwa, mimi nilifika hospitali wa kwanza, nina mkate wa moto ndani ya mfuko, mlinzi wa geti akaniuliza wewe nani kwa mgonjwa. Nikasema kaka yake, tumbo moja. Akasema leo wanaingia wake, waume, wazazi na watoto wa mgonjwa tu. Nikabishana naye mpaka mkate ukapoa. Dada yenu akafika na aproni ya unga, akatoa nakala ya kile cheti kwenye pochi, mlinzi akasoma, akafungua geti. Akaingia. Huko ndani daktari akataka mtu wa kuidhinisha upasuaji, akasaini yeye, binti wa mgonjwa. Mimi nimekaa nje kwenye ukingo wa mtaro na mkate uliopoa, nasema moyoni, hii serikali imenipiga kofi la mwisho. Siku ile ndipo niliposema nitafute njia ya kurekebisha, na mwalimu akanisomea sheria mpya, tukaandika barua, na daktari akaongeza barua yake ya kwamba mgonjwa hawezi kutembea, afisa aje nyumbani.

Dada yenu nilimwita aridhie. Akaridhia, akasaini, ni mtoto mtiifu. Ila kabla ya kusaini aliniuliza swali, akasema, "Baba, nikishatoka kwenye cheti chake, yeye atabaki na nani?" Nikamjibu atabaki na nyembe zake. Nilicheka peke yangu. Ulidhani sikuona kwamba hukucheka, binti? Nilikuona.

Haya, tuingie kwenye mali, isije afisa akafika hatujagawana hata kijiko. Andika, mwalimu. Nyumba hii ni yenu watatu, asiiuze mmoja bila wawili. Gari la kusambazia mikate ni la fundi umeme, kwa kuwa ndiye pekee anayejua linawashwa kwa kupigwa teke wapi. Vitabu vyangu ni vya mwalimu, na koti langu zuri pia, ambalo tayari amelivaa, naliona. Tanuri, duka, mabeseni, mashine ya kukanda, leseni na jina la biashara, vyote ni vya dada yenu, kwa sababu amevifanyia kazi kuliko mimi. Kama afisa akimaliza kazi yake leo, atavipata kama mwanangu kwa cheti. Asipowahi, avipate kwa wosia huu.

Kinyozi, malizia kidevu. Na huku unamalizia niambie, ile fomu yako ya ridhaa umejaza? Umejaza. Lini? Jana. Mbona hukusema? Wewe ambaye ukinunua soksi mpya mtaa mzima unajua? Iko wapi? Mfukoni. Itoe, mpe mwalimu. Mwalimu, isome kwa sauti, tuhakikishe hakuacha kisanduku wazi, afisa asije akaturudisha nyuma kwa ajili ya kisanduku.

Ndiyo, jina. Ndiyo, kazi, kinyozi. Anakiri kwamba mtoto huyo si wa kumzaa. Vizuri. Ridhaa kwa hiari yake. Vizuri. Endelea. "Watoto wengine waliosajiliwa kwa jina lako." Ameandika nini? Soma, usimung'unye.

"Hakuna."

Ala! Umenikata!

Tulieni, tulieni, ni tone tu, fundi, kaa chini, hakuna anayekufa kwa hilo, kuna jingine mbele yake kwenye foleni. Lete pamba. Kinyozi, hebu leta huo mkono. Ulete hapa. Wanangu, tazameni mkono huu. Mkono huu umenyoa watoto wanaorusha mateke, umenyoa walevi, umenyoa bwana harusi aliyekuwa anataka kutoroka. Siku tuliyomzika mama yetu uliniweka sawa ndevu asubuhi, mimi nalia, kidevu kinacheza, na haukunigusa ngozi. Leo umenikata. Mdogo wangu. Uliandika neno hilo jana, ukalikunja, ukaja kuninyoa ili nipendeze kwa afisa.

Subirini. Acheni nivute pumzi.

Nimekuwa nikidhani unanitania. Nilidhani ile fremu uliitundika ili kunichokoza mimi. Shemeji yangu, wanangu, mke wa baba yenu mdogo, alitangulia mapema, na hawakujaliwa mtoto, na huyu bwana hakuwahi kulalamika, alikuwa anapiga mluzi tu, na mimi nikausikiliza ule mluzi nikasema huyu hana shida. Nimehuzunika, kinyozi. Nimehuzunika kweli. Na nakupenda, pumbavu wewe, usinilazimishe kulisema mara mbili.

Mwalimu, ile fomu ichane. Sikukuambia uiangalie, nimesema ichane. Na ya dada yako. Na yangu. Nisikilizeni kwa makini, kwa kuwa pumzi inaanza kunikimbia na sitaki mtu aseme mzee aliweweseka. Akili yangu iko hapa yote. Mimi nikiondoka nina watoto watatu humu chumbani, serikali iseme, isiseme. Huyu kinyozi akitolewa kwenye cheti kile, serikali itakuwa imesema kweli, na atabaki hana mtu. Kesho ataanguka tena. Ninyi wa kiume mtafika getini na mlinzi atawaambia watoto wa kaka wakae nje, mtakaa mtaroni na mkate kama mimi. Nani ataingia? Nani atasaini? Dada yenu ataingia na cheti chake mkononi, mtoto wa mgonjwa, na hakuna wa kumzuia. Sheria ilikosea, karani alikosea, huyu alikosea, na mimi leo kwa akili zangu timamu nasema libaki hivyo hivyo.

Unalia, binti. Nilisema nitakugombeza. Sina nguvu hiyo. Lia, basi.

Ila mali, mwalimu, mali sasa iandikwe upya, vizuri, kwa sababu nikifa bila wosia sheria ya mirathi itatazama vyeti na haitamwona. Andika hivi: tanuri na biashara yote nampa huyu niliyemzaa mimi, ambaye cheti chake kinamtaja mdogo wangu kuwa baba, na jambo hilo nalijua na nimeliridhia. Ninyi wawili mtatia sahihi kwamba mmesikia, na daktari akija jioni atie yake. Fundi, siku yoyote ukisimama mbele ya hakimu useme huyu si dada yako, nitatoka huko nilikokwenda nije nikukatie umeme. Mwalimu na wewe. Cheka, lakini andika.

Hodi hiyo. Mmesikia? Ndiye afisa. Afisa anayefika kwa wakati, siku ambayo hatumhitaji. Fundi, nenda. Mkaribishe sebuleni, mpe chai, mkatie mkate wa leo, upande wenye ganda zuri. Mwambie familia imekipitia cheti na haikuona kosa. Akisema yeye ametoka mbali, mwongezee mkate mwingine wa kwenda nao. Akitaka kuniona, aje anione, nimenyolewa. Lakini habari ya kitambulisho, wanangu, hiyo asisikie, kifungo kile sidhani kama kimefutwa.

Na yule karani mzee… mpelekeni mkate siku ya msiba wangu. Msimweleze. Ameishi na hadithi yake miaka yote, akiambiwa leo atajilaumu bure. Mwambieni tu, umetoka kwa binti wa kinyozi. Ataula.

Nifunikeni miguu. Imeshaanza kuondoka bila mimi.

Mungu awatunze. Awape mikate isiyoungua, na watu wa kuila nao. Ninyi wa kiume, muwe wapole kwa wake zenu. Msigombane juu ya kaburi langu, gombaneni kwingine, mji ni mkubwa. Radhi zangu mnazo, zote, sikubakiza kitu… Mwalimu, usiandike ninavyokohoa.

Binti, njoo huku kichwani. Kinyozi, weka huo wembe chini. Kaeni karibu karibu… hivyo. Wewe, binti, maisha yako yote umekuwa ukimwita baba mdogo. Ni kwa heshima yangu, najua. Leo mwite baba. Peke yake. Nataka nisikie ningali nipo… Kwa sauti, mama, masikio nayo yanafunga duka… ila isiwe kubwa kuliko uliyokuwa ukiniitia mimi.

Ee.

Nimesikia.

Kinyozi… mbona kimya? Unaitwa. Itika, mdogo wangu… itika, mtoto anakuita.